Ukitoka makao ya watoto na miaka 18: kwa jamaa, ploti peke yako, chumba cha wawili au nyumba ya mpito?

Kila mwaka nchini Kenya mtihani wa KCSE wa kumaliza sekondari ukiisha, makao ya watoto ya Nakuru, Kisumu, Kakamega na Bungoma hubaki na kikundi cha vijana waliofikisha miaka 18 ambao hawahesabiki tena kama watoto. Swali la wataishi wapi huwafikia likiwa na jibu lake tayari: ama "jamaa zako wamepatikana, utarudi huko", ama "tumekulipia chumba cha miezi mitatu, Mungu akubariki". Ni wachache wanaowekewa njia mbili au tatu mezani na kuambiwa wachague. Nimeandamana na vijana kadhaa wa Nakuru na wa upande wa Kisumu kutafuta pa kukaa, na nimejiundia maoni yangu. Kama kuna mtu mzima anayekujua vizuri, someni pamoja, kwa sababu sehemu nyingine inategemea mambo yako ambayo mimi siyajui.

Kipimo ninachotumia ni mwezi wa nne tangu utoke makaoni. Makao yanayojali humpa kijana godoro, blanketi, sufuria mbili, jiko, beseni na kodi ya miezi miwili au mitatu. Mwezi wa kwanza kila mpango unapendeza. Una ufunguo wako, simu zinaita, mama wa makao anapita na pakiti ya unga. Kufikia mwezi wa nne kodi iliyolipwa imekwisha, waliokuwa wakipiga simu wana watoto wengine wa kuangalia, na keateka, msimamizi wa vyumba vya kupanga, akibisha ni wewe unayefungua mlango. Ukiletewa mpango wowote, uliza utakavyokuwa mwezi huo.

Sheria haikusaidii sana hapo. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, na mengi hukatika siku hiyo hiyo. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo Inua Jamii, mpango wa serikali wa msaada wa pesa, hupeleka kwa nyumba zinazolea mayatima hutolewa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo nyanya anayekupokea ukiwa mtu mzima hapati kitu kwa sababu yako. Juu ya hayo kuna mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, unaotaka watoto watoke makaoni warudi katika familia, na Kisumu ni kati ya kaunti zilizotangulia kuufanyia kazi. Mimi naunga mkono nia yake. Ila haraka ya kupunguza idadi ya watoto makaoni isikufanye ukubali mpango ambao hujaukagua. Uingereza waliona tatizo hili hili wakaruhusu, tangu 2014, kijana aliye kwa familia ya kulea abaki humo hadi miaka 21 wenye nyumba wakikubali. Kwetu kubaki hivyo kunategemea moyo wa mwenye nyumba. Kama unaishi na familia iliyokulea na wanasema ubaki, baki, na uanze kuchangia hata pakiti ya maziwa.

Faili kabla ya funguo

Njia zote nitakazolinganisha zinaanguka usipokuwa na kitambulisho. Kijana wa nyumbani huenda kuomba akiwa na nakala za vitambulisho vya wazazi. Wewe huenda huna hata moja. Kwa hiyo, ukiwa bado ndani ya makao na meneja bado anakuita kwa jina, omba nakala ya kila kitu kilicho kwenye faili lako: cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kifo vya wazazi kama vipo, amri ya mahakama iliyokuweka pale, kadi ya kliniki, barua ya afisa wa watoto. Mwombe meneja akupeleke kwa chifu wa eneo la makao akutambulishe kwa mdomo, maana chifu wa kijijini kwa babu yako hajawahi kukuona na atataka mtu wa kukushuhudia.

Bila kitambulisho huna laini ya simu kwa jina lako, na bila laini huna M-Pesa. Nimeona kijana akilipwa mshahara wa mjengo, yaani kazi ya ujenzi, kupitia simu ya rafiki, rafiki akahama na mshahara. Fomu ya HELB, ya mkopo wa masomo ya juu, nayo huuliza habari za wazazi, na kama wamefariki itataka uthibitisho. Shule nyingine hukatalia cheti cha KCSE kwa baki ya karo. Mfadhili akiwa bado karibu, hilo limalizwe sasa, kwa sababu mwakani atakuwa anamlipia mtoto mwingine.

Hilo likishakamilika, tulinganishe.

Kwa jamaa

Hii ndiyo njia ambayo ofisi na mila zote zinaipenda, na kuna vijana ambao kwao ndiyo bora kuliko zote. Hulipi kodi. Chakula kipo, hata kikiwa mahindi na maharagwe kila siku. Ukiugua kuna wa kukubeba, na siku ya kuoa au kuolewa kuna wa kusimama upande wako. Kwa hesabu ya pesa, mwezi wa nne wa kijijini ni mwepesi kuliko mwezi wa nne wa mjini.

Tofauti iko kati ya jamaa waliokuwa wakija kukutazama na jamaa waliotafutwa na ofisi. Nyanya aliyepanda matatu kutoka Butere kila siku ya wageni, akiwa na ndizi kwenye kiondo, ameshaonyesha. Ami aliyepigiwa simu akajibu "sawa, aje" ametoa ahadi ya simu. Kabla ya kuhamia kwa huyo wa pili, nenda ukakae likizo nzima, ikiwezekana mbili. Tazama unalala wapi: umetengewa kitanda, au unalala sebuleni na kuamka kabla wageni hawajafika? Tazama kama unaitwa chakula kikiwa tayari au unakumbukwa baadaye. Sikiliza wanavyokutambulisha kwa jirani.

Lugha pia ni jambo. Kijana aliyekulia Nakuru kwa Kiswahili akarudishwa Siaya huketi kwenye maongezi ya jioni akiwa kama mgeni, anacheka wenzake wakicheka. Wadogo humsahihisha Kidholuo chake, wazee humwonea huruma, na yeye huanza kukaa nje na simu. Hujifunza hatimaye. Lakini miezi ya mwanzo ni migumu kuliko wanavyofikiri waliompeleka.

Halafu kuna ardhi. Katika boma la Waluo, na kwa Waluhya vilevile, kijana wa kiume akikomaa hujenga simba, nyumba yake ndogo ndani ya boma la babake. Wewe simba yako itasimama wapi kama baba alifariki ungali mdogo na boma likageuka shamba la ndugu yake? Kukuonyesha pa kujenga ni kukiri kwamba una sehemu, na ndugu za baba wanalijua hilo kabla yako. Nilimwona mzee mmoja akimpokea mtoto wa ndugu yake kwa machozi ya kweli. Alichinja kuku, akaita majirani, akaomba dua ndefu. Jioni kijana akauliza, kwa upole kabisa, mpaka wa shamba la marehemu babake unapita wapi. Mzee akatazama upande wa ziwa, akasema mwaka huu mvua imechelewa.

Usianze na ardhi siku ya kwanza, na usiiache pia. Sheria ya urithi inawahesabu watoto wote wa marehemu sawa, wa kiume na wa kike, na hairuhusu mtu kuuza mali ya marehemu kabla mahakama haijateua wa kuisimamia. Mahakama hutaka barua ya chifu inayotaja waliobaki nyuma ya marehemu. Jina lako likikosekana kwenye barua hiyo, utatumia miaka kulirudisha. Kwa hiyo kazi yako ya mwaka wa kwanza ni ndogo: julikana kwa chifu na naibu wake, hudhuria matanga ya ukoo, uwe na nakala ya cheti cha kifo cha baba au mama, na ufanye upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ujue shamba limeandikwa kwa jina la nani. Haya yote yanawezekana hata ukiishi mjini. Ndiyo maana sipendi kijana ahamie kijijini kwa hofu ya kupoteza shamba. Unaweza kulitunza dai lako ukiwa Kondele, mjini Kisumu.

Msichana hana simba. Hupewa kona kwa nyanya au kitanda cha binamu, na mwaka haujaisha anaanza kuulizwa anaolewa lini. Si kila boma, ila nimelisikia mara nyingi kiasi kwamba kwa msichana mwenye nafasi ya chuo huwa nasema: kijiji kiwe cha likizo kwanza.

Wapo pia ambao "kwenu ni wapi" haina jibu. Waliopokewa wakiwa wachanga baada ya fujo za uchaguzi, mapema mwaka 2008, ndio hao wanaotimiza miaka 18, na Nakuru ilipokea familia nyingi zilizokimbia makwao. Usilazimishwe jamaa wa kubuni ili fomu ijae. Na kama baba au mama yu hai ila hataki kukuona, fahamu kwamba mahakama inaweza kuongeza muda wa wajibu wa mzazi kupita miaka 18 penye sababu maalum. Muulize afisa wa watoto jambo hilo kabla hujafunga mlango wa ofisi yake.

Ploti peke yako

Hii ndiyo ndoto. Baada ya miaka ya bweni lenye vitanda vya ghorofa, taa kuzimwa kwa kengele na shati lako kuvaliwa na wengine, chumba chenye kufuli yako ni raha ambayo wazazi wa makao hawaielewi. Siwezi kumlaumu anayeitaka.

Tazama hesabu. Tuseme chumba cha mabati Kaptembwo au Rhonda, Nakuru, au Nyalenda, Kisumu, ni 3,000 kwa mwezi. Bedsita ya mawe yenye choo ndani itapita hapo kwa mbali, basi tuiache. Kuingia unahitaji kodi na dipoziti, 6,000. Kila mwezi ongeza tokeni za umeme na maji 600, chakula 150 kwa siku ambacho ni 4,500, na sabuni, bando na nauli 1,000. Jumla 9,100. Mjengo ukilipa 600 kwa siku, unahitaji siku 16 za kazi ndani ya mwezi, na mwezi wa mvua ndefu haukupi siku 16. Aliye chuoni hazipati hata kiangazi.

Watakaokuambia ukope Hustler Fund ya serikali ulipe kodi, wasikilize kwa sikio moja. Mkopo ule wa simu, ulioanza Novemba 2022, una riba ya asilimia 8 kwa mwaka, ambayo si mbaya hata kidogo, lakini unatakiwa kuurudisha ndani ya siku 14. Kodi haizai kitu ndani ya siku 14. Ukikopa, nunua bidhaa ya kuuza.

Ukichelewesha kodi, keateka ataweka kufuli juu ya kufuli yako, na wengine hung'oa mlango. Wapangaji wengi hawajui kwamba kwa nyumba za kuishi ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi kuna sheria ya udhibiti wa kodi na baraza lake, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kumtoa mpangaji bila amri. Ukiwa na chumba cha 2,400, sheria hiyo ni yako. Haifuti deni, ila inakupa muda wa kuongea. Hifadhi kila ujumbe wa M-Pesa wa kodi, na ukilipa taslimu dai risiti, hata ya karatasi ya daftari.

Mambo machache ya mahali. Nakuru, jiji tangu Desemba 2021, ina baridi ya usiku ambayo blanketi moja la makao haliiwezi, na maji ya visima vyake vingi yana floridi inayotia meno madoa, kwa hiyo uliza maji ya kunywa yanatoka wapi. Ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za Mwariki. Chumba cha bei rahisi upande ule kina sababu yake. Kisumu uliza kuhusu mto Auji kabla ya kulipa dipoziti Nyalenda, na chandarua kiwe kwenye orodha ya vitu unavyopewa siku ya kuondoka, kwa sababu malaria ya kanda ya ziwa haina msimu wa kupumzika.

Shida kubwa ya kukaa peke yako sijaiandika kwenye hesabu. Umelelewa kwa kelele. Watoto arobaini, sahani arobaini, mtu wa kukuamsha. Kimya cha Jumapili jioni ndani ya chumba cha futi kumi kwa kumi kimewatoa vijana wengi nje, na aliyewakaribisha nje hakuwa mwema kila mara. Mwezi wa nne wa ploti peke yako unapita kwa aliye na mshahara unaojulikana tarehe yake na mtu mzima anayekaa mwendo wa miguu. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo viwili, mimi nasema bado.

Chumba cha wawili

Chukua hesabu ile ile na uigawe. Kodi 1,500 kwa kila mmoja, tokeni na maji 400, chakula cha kupika pamoja 120 kwa siku ambacho ni 3,600, na mengine 1,000. Inakuja 6,500, siku 11 za mjengo badala ya 16. Tofauti ya 2,600 kila mwezi inaweza kuwa nauli ya chuo au ada ya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani. Mmoja akiugua, mwingine yuko. Mmoja akiwa kazini, mali haibaki bila mtu.

Karibu kila makao yanayotumia njia hii huwaweka pamoja marafiki wawili waliotoka siku moja. Inaonekana busara, na ndipo inapovunjika. Wote wawili wanaishiwa na kodi ya makao mwezi mmoja. Hawajui wote wawili namna ya kuongea na mwenye nyumba. Wakikosa, wanakosa pamoja, kisha wanalaumiana, na urafiki wa miaka kumi unafia kwenye gorogoro ya mahindi.

Napendekeza jambo tofauti: kaa na mtu aliyetoka miaka miwili au mitatu kabla yako. Awe amelelewa makao yale yale au mengine, haidhuru. Yeye ameshavuka mwezi wake wa nne. Anajua keateka yupi ana utu, duka gani linakopesha, siku gani sokoni Kibuye, Kisumu, vitu hushuka bei. Wewe unamletea nusu ya kodi, ambayo naye anaihitaji. Makao yanayotunza namba za waliotoka yanaweza kuunganisha watu hivi bila gharama yoyote zaidi ya simu, na nashangaa ni machache yanayofanya.

Yapo ya kukubaliana mapema, tena kwa maneno wazi: nani anatuma kodi na mwingine anampa kabla ya tarehe ngapi, wageni wa kulala, hasa wapenzi, inakuwaje, mmoja akipata kazi Eldoret, dipoziti inagawanywa vipi, unga ukiisha katikati ya wiki nani ananunua. Vijana wa makaoni mara nyingi hawajawahi kujadiliana haya, kwa sababu kila kitu kilikuwa cha wote na hakuna aliyekinunua. Mkishindwa kukubaliana, mwiteni mtu mmoja mnayemheshimu nyote awasikilize kabla ya mmoja kubeba godoro.

Kwa msichana, chumba cha wawili au watatu nakiona salama kuliko peke yake, na kiwe kwenye ploti yenye geti na choo kisicho mbali gizani. Nenda ukitazame choo hicho saa mbili usiku, maana mchana vyoo vyote vinafanana.

Nyumba ya mpito

Baadhi ya makao hukodi nyumba mtaani, nje ya ua wao, vijana wanne hadi wanane wanaishi humo kwa muda uliowekwa wakijipikia, na mtu mzima mmoja anawaangalia. Ikiwa nzuri, hakuna njia nyingine inayomfundisha kijana haraka hivyo: anapewa pesa ya chakula ya wiki, akiimaliza Jumanne anaonja njaa Alhamisi, lakini paa bado lipo.

Ikiwa mbaya, ni bweni lililobadilishwa jina. Utaijua kwa maswali matatu. Unachangia kiasi gani? Nyumba isiyodai hata shilingi mia tano kutoka kwa anayefanya kazi inakuahirishia mwezi wa nne tu. Unaondoka lini, na tarehe hiyo imeandikwa wapi? La tatu ndilo ninalolipenda: waliotoka hapa mwaka jana wanaishi wapi sasa? Anayekuangalia akijibu kwa majina na mitaa, ingia. Akianza kueleza maono ya shirika, endelea kutafuta.

Kwa anayesoma, mwenye ulemavu, au aliyetoka na mtoto mchanga, nyumba ya mpito iliyo nzuri inashinda chumba cha wawili. Nafasi ni chache, hilo ndilo tatizo. Ikitokea ipo, usiikatae kwa sababu ya geti kufungwa saa tatu.

Hosteli ya chuo na kazi ya kulala

Ukipangiwa chuo kupitia KUCCPS, ofisi ya serikali inayogawa nafasi za vyuo, tuseme Rift Valley National Polytechnic ya Nakuru, Kisumu National Polytechnic, au Sigalagala kule Kakamega, hosteli inaonekana kama suluhisho kamili. Ni suluhisho la muhula. Uliza Desemba utalala wapi. Vijana wa makaoni huumbuka likizo ya kwanza: wenzao wanafunga mabegi, wao wanatafuta rafiki wa kuwahifadhi, na kuanzia hapo wanaishi kwa hisani. Pangeni likizo na makao au jamaa kabla ya kulipa hosteli. Kama hakuna pa kwenda, chumba cha wawili karibu na chuo, cha mwaka mzima, huwa afadhali hata kikiwa kibovu kidogo.

Kazi ya kulala, ya nyumbani kwa mtu, dukani au kulinda ploti, nitaipitia haraka. Tajiri akiwa ndiye mwenye kitanda chako, siku ya kugombana unapoteza kazi na nyumba saa moja. Na anayejua huna kwenu hulipa kama mtu anayejua huna kwenu. Ukiikubali kwa kuwa hakuna lingine, mshahara upitie laini yako, uwe na siku ya mapumziko, na mtu wa nje ya nyumba ile ajue uko wapi. Ukiguswa au kutishwa, namba 1195 ya ukatili wa kijinsia hupigwa bure.

Watu

Nimelinganisha vyumba, lakini njia hizi hutofautiana zaidi kwa watu zinazokuachia. Kwa jamaa unapata wengi, wengine bila kuwachagua. Nyumba ya mpito inakupa mlezi mwenye mkataba wa kazi, na mkataba huisha. Chumba cha wawili kinakupa mmoja wa kweli. Ploti peke yako haikupi mtu, lazima ujiletee.

Wa kujiletea wapo. Kuna chama cha kitaifa cha waliolelewa makaoni, KESCA, na faida yake ni kukaa na watu ambao huhitaji kuwaeleza siku ya wageni ilikuwaje. Kuna kwaya, timu ya mpira, na chama cha mtaani cha kuchanga mia mia, ambacho kwa mtu asiye na ukoo kina thamani kuliko pesa yenyewe: ukikosa kufika wiki moja, watu kumi wanauliza uko wapi. Kuna fundi anayekufundisha kazi. Mwambie mmoja wao, kwa maneno wazi, kwamba ndiye utakayempigia ukikwama, na umwombe ruhusa namba yake uiandike pale keateka anapotaka jina la mtu wa karibu. Wengi huona ni heshima. Usichague zaidi ya wawili, wasije wakategeana.

Na ujiandikishe SHA, bima ya afya ya serikali, mara tu upatapo kitambulisho, kwa *147#. Makao yalikuwa yakilipa hospitali, sasa hayalipi tena. Mchango wa chini ni 300 kwa mwezi, na kwa asiye na ajira hulipwa wa mwaka mzima. Kabla hujaweza kuulipa, kujiandikisha peke yake kunakufungulia matibabu ya kawaida ya zahanati na vituo vya afya vya serikali.

Kubadilisha njia

Unachochagua sasa si ndoa. Nawafahamu walioanza kwa nyanya, wakahamia hosteli, wakamalizia chumba cha wawili, na kila hatua ilikuwa sahihi kwa wakati wake. Ukiona wiki ya kumi kwamba mpango haubebi, hama kabla ya deni. Mpe mwenye nyumba notisi ya mwezi mmoja kwa ujumbe wa simu ili iwe na tarehe, lipa mwezi huo wa mwisho kama kawaida, kisha dai dipoziti yako mkiwa ndani ya chumba pamoja na keateka, kikiwa kimepigwa deki. Piga picha za kuta na mlango siku ya kuingia na siku ya kutoka. Ukiwa unarudi kwa jamaa, tangulia wewe na begi moja, godoro lifuate baadaye na matatu ya jioni.